Mzee Njue na Swichi ya Ukutani

Ifikapo Ijumaa, tarehe 31 Desemba 1999, Mzee Jamleck Njue atakuwa amekitumikia Kiwanda cha Chapa Mlimani, Nyeri, kwa miaka thelathini na mitatu, na siku hiyo atastaafu. Magazeti yanasema usiku wa siku hiyohiyo kompyuta zote duniani huenda zikapotewa na akili. Wasiomjua Mzee wanaiita hiyo sadfa. Sisi tuliofanya kazi naye tunaiita mipango.

Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Gathoni wa prufu, msahihishaji wa makosa ya chapa, niandike wasifu wake katika jarida letu la wafanyakazi. Nimepewa masharti mawili: nimsifu, na nisimcheke. La kwanza ni rahisi.

Mzee Njue alizaliwa Runyenjes, upande wa Embu. Alifika Nyeri mwanzoni mwa mwaka 1967 akiwa kijana mwenye suti moja na maoni mengi. Suti iliisha zamani. Aliajiriwa kubeba karatasi, lakini hakudumu huko, maana kila aliyepelekewa karatasi alipewa pia mawaidha ya namna ya kuitumia. Msimamizi wa wakati huo, kwa kutafuta amani, alimhamishia kwenye meza ya herufi, zile za risasi zilizopangwa moja moja kwa mkono. Hapo ndipo alipojifunza kusoma maneno yakiwa juu chini. Ustadi huo bado anao, na ukiketi mbele yake ukisoma barua ya mchumba, ujue ataimaliza kabla yako.

Mezani hapo alisifika kwa mambo mawili: mikono yake haikutetemeka, na yeye hakukosea. Hilo la pili alilisema mwenyewe. Mwaka 1971 kadi za harusi moja ya Mukurweini zilitoka na tarehe ya Jumamosi iliyofuata badala ya ile waliyoitaka wenyewe. Mzee Njue aliwaeleza maharusi kwa upole kwamba Jumamosi waliyoichagua ingekuwa na mvua. Harusi ikasogezwa, na kweli Jumamosi ile ya kwanza mvua ikanyesha mpaka daraja likachukuliwa. Tangu hapo hakuna aliyemsikia akitamka neno "nimekosa", na wengi wetu tulidhani hajafundishwa.

Jambo lililomjenga kuliko yote lilitokea mwaka 1974. Mtu mmoja, ambaye ameshatangulia mbele ya haki, alitoka jioni bila kuzima chungu cha stima cha kuyeyushia risasi, na stoo ya bahasha ikaungua yote. Kesho yake Mzee Njue alichukua herufi kubwa kuliko zote tulizokuwa nazo, zile za mabango ya mnada, akachapa vibao na kupigilia kimoja juu ya kila swichi: WA MWISHO KUTOKA AZIME UKUTANI. Hakuomba ruhusa ya mtu. Neno la mwisho alilisisitiza kwa kidole, kwa sababu kwake kuzima kwenye mashine yenyewe ni kuisinzisha tu.

Kila mfanyakazi mpya alionyeshwa kibao hicho kabla ya kuonyeshwa choo. Akisahau, alisubiriwa mlangoni asubuhi. Miaka ilipita, na hakuna aliyehitaji tena kukumbushwa. Mikono yetu ilikwenda yenyewe. Mutuma, mkata karatasi wetu ambaye pia ni katekista, alikuwa wa mwisho kutoka chumba cha nyuma kanisani siku ya harusi ya dada yake kule Kerugoya, akazima ukutani, na vipaza sauti vikanyamaza katikati ya viapo. Viapo hivyo alivisikia Mungu peke yake, na ndoa hata hivyo inaendelea vizuri. Mimi nimezima friji ya shemeji yangu mara nyingi hadi sialikwi tena Krismasi.

Wakati wa herufi za risasi ulipokwisha, wengi walidhani Mzee naye amekwisha. Mwaka 1993 meneja wetu, Bwana Kihara, alimpeleka Nairobi kwa kozi fupi ya kompyuta, naye akarudi akiwa amemaliza kozi na akiwa hakubaliani na mwalimu. Bwana Kihara alitaka kununua kompyuta nzima dukani, ndani ya katoni. Mzee alisema kununua kompyuta iliyofungwa ni kununua ng'ombe usiku. Akarudi Nairobi na gunia, akazunguka maduka ya River Road, akaja na vipande: kasha kutoka hapa, diski kutoka pale, na ile bodi kubwa ya ndani inayobeba kila kitu, ambayo mafundi huiita madabodi. Aliviunganisha mezani pake juu ya gazeti la Jumapili. Mashine ilipoamka aliiita Mtamba, kwa kuwa ilikuwa bado haijatuzalia kitu.

Mtamba ilizaa kalenda, programu za mazishi na ripoti za shule mpaka ikazeeka. Ikafuatwa na nyingine, na mwaka 1997 ikaja Fahali, ambayo hadi leo ndiyo inayopanga kurasa za kila kitabu tunachochapa. Kiwanda kilimpa Mzee karakana ndogo nyuma ya stoo, na kikampa pia Wachuka, fundi mwanamke wa kwanza tuliyewahi kuwa naye, mama wa watoto wawili, mtulivu, mwenye sikio la kusikia feni inayotaka kufa wiki nzima kabla haijafa. Wachuka alishika kila alichofundishwa. Mzee alitangaza mbele yetu sote kwamba hajawahi kupata mwanafunzi mtiifu kama huyu. Naomba msomaji ayaweke maneno hayo mfukoni.

Katika kuunda kompyuta Mzee Njue alikuwa na imani moja kali, nayo ilihusu memori. Memori ni vile vijiti vya kijani ambamo mashine huweka inachokifikiria wakati huo; ukizima, imesahau. Katika mashine zetu vijiti hivyo hukaa viwili viwili, na Mzee alishikilia kwamba ni lazima viwe mapacha: kiwanda kimoja, ukubwa mmoja, kasi moja, na ikiwezekana vinunuliwe siku moja. Alivihoji vijiti vya memori kama wazee wanavyomhoji kijana siku ya ruracio, ile ya kupatana mahari. Visipolingana, alisema, mashine italia pii na kukataa kuamka, au itaamka halafu ikuaibishe mbele ya wateja.

Siku aliyonunua madabodi ya Fahali alinunua mbili zinazofanana. Kwa ile ya pili alimjengea mashine Kagwiria, aliyekuwa mpiga chapa wetu hadi alipotuacha na kufungua duka lake la kupiga chapa kule Timau, karibu na mashamba ya ngano. Alipompelekea mashine alimpelekea pia kibao cha ukutani, kama zawadi ya kufungulia duka. Mwisho wa mwaka huo kijiti kimoja cha memori kiliharibika, na Kagwiria hakuwa na subira ya kungoja ruracio nyingine. Alinunua kijiti kwa mfanyabiashara aliyepita njia, tofauti na mwenzake kwa kiwanda na kwa kasi, akavichomeka pamoja, na mashine ikakubali. Mzee alipopata habari alisimama kwenye sherehe yetu ya Krismasi, kipande cha nyama mkononi, akatabiri kwamba ile mashine ya Timau haitaona Pasaka. Kagwiria alizipata habari hizo kabla nyama haijapoa, na kwa miaka miwili hawakusemezana.

Sasa tufike mwaka huu. Mwezi Oktoba wakurugenzi walitaka kujua kama kompyuta zetu zitaingia mwaka 2000 zikiwa na akili timamu. Bwana Kihara aliweka saa ya kila mashine kwenye dakika za mwisho za Desemba, tukasimama tukiitazama. Mtamba ilirudi nyuma miaka ishirini, ikasahihishwa kwa mkono, ikatulia. Nyingine vivyo hivyo. Fahali ilifikiri kidogo, kisha ikaingia mwaka 2094. Tuliirudisha 2000, tukaizima na kuiwasha, ikaenda tena 2094. Mutuma alisema kufikia hapo sote tutakuwa tumestaafu, ila si kwa barua. Bwana Kihara hakucheka.

Wakurugenzi nao hawakucheka. Waliamua Fahali ijaribiwe mbele yao Ijumaa ya kwanza ya Desemba. Ikivuka vizuri, karakana itabaki, na Wachuka ataishika Mzee atakapostaafu. Isipovuka, kiwanda kitanunua kompyuta za katoni pamoja na mafundi wake wa kutoka Nairobi, karakana itafungwa, na kazi ya Wachuka itaisha siku moja na ya Mzee. Mzee alikuwa na shamba Runyenjes linalomngoja. Wachuka alikuwa na watoto wawili na chumba cha kupanga mtaa wa Majengo, na hakuna fundi mwingine mjini aliyekuwa akitafuta msaidizi.

Dawa ilikuwapo. Kila madabodi ina chipu nyeusi yenye miguu kama jongoo, na ndani yake imo programu ndogo ya kuiamsha mashine na kuiambia leo ni tarehe gani. Mafundi huiita bayosi. Waliounda madabodi yetu walikuwa wametoa bayosi mpya inayoujua mwaka 2000, na jamaa mmoja wa Nairobi mwenye intaneti alitutilia kwenye disketi. Kazi yenyewe ni ya dakika chache: ya zamani inafutwa, mpya inaandikwa mahali pake. Lakini stima ikikatika hapo katikati, ya zamani imekwenda na mpya haijafika, na mashine haiamki tena. Hata kulia pii haiwezi.

Kwa hiyo Mzee alijihadhari. Jumatatu ya mwisho ya Novemba aliazima jenereta ya mwenye bucha jirani, akaivutia waya hadi kwenye swichi ya ukutani ya karakana, ili Nyeri yote ikiingia gizani Fahali isitikisike. Alijihadhari na radi, na panya, na watoto wa shule wanaokuja kutembelea kiwanda. Kitu pekee ambacho hakujihadhari nacho ni kibao chake mwenyewe.

Hapa kwetu kazi kubwa haianzi bila maombi, na Mutuma ndiye aliyeombwa aombe. Ilikuwa yapata saa tatu na nusu. Mutuma aliiombea Fahali. Kisha akaombea wasafiri, wagonjwa wa hospitali zote, mvua, viongozi wetu, na vijana wanaotaka kuoa lakini hawajui waanzie wapi. Alipofika Amina, Mzee alibonyeza kitufe, bayosi ikaanza kuandikwa, na kengele ya chai ya saa nne ikalia. Mzee Njue hajawahi kukosa chai ya saa nne tangu alipoajiriwa, na ana sababu: Mutuma akitangulia kwenye sinia, mandazi huwa ni hadithi. Alimwona Mutuma akitangulia. Basi akazima skrini, maana skrini isiyo na mtazamaji ni kupoteza stima, akamfuata.

Wachuka alikuwa stoo tangu kabla ya maombi akitafuta waya, wala hakujua kwamba kazi imeanza. Alipita karakana kuchukua kikombe chake na hakukuta mtu. Skrini ilikuwa nyeusi, kasha likinguruma peke yake. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba siku hiyo kungekuwa na jambo lililo kubwa kuliko kibao. Alichukua kikombe chake, akageuka, na kwa kuwa alikuwa wa mwisho kutoka, akazima ukutani.

Mzee alirudi na andazi mkononi, akasimama mlangoni, akasikiliza. Hakukuwa na cha kusikiliza. Wachuka alimfuata nyuma na kikombe chake. "Nilipata iko on na hakuna mtu, Mzee," alisema. "Nikazima." Alisema kama mtu anayengojea kusifiwa.

Tulingoja ngurumo. Haikuja. Mzee aliiwasha Fahali, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Akazima, akawasha tena, ikawa vilevile. Wachuka alielewa kabla hajaambiwa, akaanza kulia bila sauti, huku akipangusa meza ambayo haikuwa na vumbi. Niseme wazi kwamba nilimhurumia mpaka nikakasirika, na sikujua nimkasirikie nani, kwa maana mkono wangu mimi pia ungefanya hivyohivyo.

Bwana Kihara alikuja mbio akauliza ni nani aliyezima. Mzee Njue aliweka andazi lake juu ya kasha la Fahali, akaonyesha kibao. "Mwenye aliandika hiyo kitu kwa ukuta ndiye alizima," alisema. "Ni mimi. Nimekosa." Nilitazama saa ya ukutani, ili siku moja niwaeleze wajukuu wangu jambo hilo lilitokea saa ngapi.

Njia ilibaki moja. Chipu iliyokufa ingeweza kuandikwa upya kwenye madabodi nyingine, mradi iwe pacha wa ile yetu na iwe hai. Pacha alikuwa Timau. Mzee alikaa Jumanne nzima akitafuta njia ambayo haipiti Timau. Jumatano alfajiri alikuja kazini amevaa tai.

Tulikwenda na pikapu ya kiwanda. Mimi nilikuwa na kadi za harusi za kupeleka huko, na Wachuka alikuwa ameshika chipu ndani ya kopo tupu la mafuta ya kujipaka, imefungwa kwa karatasi ya kuokea. Kutoka Nanyuki kwenda juu, Mzee hakutoa maoni juu ya kitu chochote, wala barabara, wala dereva, na dereva akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee ni mgonjwa. Kagwiria alikuwa mlangoni pa duka lake, sweta imefungwa hadi shingoni.

"Mzee Njue," alisema. "Umekuja kuangalia kama imekufa?"

"Nimekuja kuomba," Mzee alisema.

"Imeona Pasaka mbili."

"Nimesikia."

"Haya, ingia basi. Huko nje kuko na baridi."

Ndani, mashine ilikuwa inafanya kazi, ikichapa barua ya mtu ya kuomba kazi kwenye shamba la maua. Mzee alivua koti akalitundika mlangoni, akafungua kasha, akatueleza atakachofanya. Mashine ikishaamka, alisema, inakuwa imekwisha kunakili bayosi yake ndani ya memori. Kwa hiyo chipu nzima inaweza kung'olewa mashine ikiwa inawaka, ile iliyokufa ikachomekwa mahali pake, na ikaandikwa. Ila kwa muda huo wote mashine itakuwa inaishi kwa inachokikumbuka tu. Ikisahau kidogo, tutakuwa na chipu mbili zilizokufa badala ya moja.

Kagwiria alisikiliza huku amekunja mikono. "Kwa hivyo hiyo time chipu iko nje, ni nini inaishikilia?"

"Memori," Mzee alisema.

"Memori gani?"

Mzee alitazama vile vijiti viwili visivyofanana. Upepo wa Timau ulitikisa mabati. "Hiyo yako," alisema.

Kagwiria alikunjua mikono. Alikwenda ukutani, ambako kile kibao cha zawadi kilikuwa bado kinaning'inia juu ya swichi, akakifunika kwa leso yake. Nimewahi kusikia hotuba ndefu ambazo hazikusema nusu ya hayo.

Mutuma hakuwapo, kwa hiyo Mzee aliomba mwenyewe. "Bwana, tusaidie. Amina." Hakufumba macho. Kisha akamwita Wachuka. Mimi na Kagwiria tulidhani atamweka mbali na mashine. Alimweka penye swichi. "Simama hapa," alimwambia. "Mtu asiguse hii kitu. Hata mimi." Wachuka akasimama, mgongo umeelekea ukutani.

Mzee alipitisha uzi wa kushonea chini ya chipu hai, upande huu na upande ule, akaivuta polepole. Mikono ile haikutetemeka. Chipu ilitoka, na mashine ikaendelea kunguruma kana kwamba hakuna kilichotokea. Akachomeka chipu ya Fahali, akabonyeza kitufe, mstari ukaanza kutambaa kwenye skrini. Saa nne ilikuwa imefika. Kagwiria alileta chai ya maziwa na mandazi ya moto, akayaweka mezani karibu kabisa na kiwiko chake. Mzee hakuyatazama. Kama si kwamba nilikuwapo, nisingekubali kusimuliwa.

Lakini mstari ulipopita katikati, maneno madogo yalitokea chini ya skrini, na Mzee hakuweza kuyasoma. Miwani ilikuwa kwenye koti. Aliinuka aifuate. Ni hatua chache tu kutoka kwenye kiti mpaka mlangoni, na kando ya mlango ndiko kuliko na swichi. Mtu aliyewafundisha watu kuzima ukutani miaka yote hiyo alipoinuka na kuukaribia mlango, mkono wake wa kulia ulitangulia wenyewe, ukapita pembeni ya bega la Wachuka, kidole kimenyooka.

Wachuka aliukamata mkono ule kwa mikono yake miwili.

"Mzee," alisema. "Bado."

Mzee aliutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine. Sikuwahi kumwona amepigwa na butwaa namna ile, na sikucheka, na kamati iandike hivyo. Alirudi akaketi bila miwani. Mstari ulifika mwisho. Wachuka ndiye aliyeyasoma yale maneno kutoka pale alipokuwa amesimama: kazi imekamilika.

Chipu ya Kagwiria ilirudishwa mahali pake, na mashine yake ikaamka bila kulalamika. Kabla ya kufunga kasha, Mzee, sasa akiwa na miwani, aliinama akavichunguza vile vijiti vya memori kwa muda mrefu. Kagwiria alimuuliza kama anataka kuvibadilisha. "Wacha hivyo," Mzee alisema. "Vimeshazoeana." Kisha alikunywa chai, ikiwa imepoa, na akala mandazi yote, kwa kuwa Mutuma alikuwa Nyeri.

Jioni hiyo Fahali iliamka. Ijumaa, mbele ya wakurugenzi, ilitoka Desemba 31 ikaingia Januari mosi, mwaka 2000, ikazimwa, ikawashwa, ikabaki hapohapo. Mkurugenzi mmoja aliuliza kama jambo hilo lilikuwa gumu. Mzee alisema ilikuwa kazi ya dakika chache tu. Karakana inabaki, na kuanzia mwaka mpya mwenye karakana ni Wachuka.

Kwa kuagana, tumemtafutia Mzee Njue mtamba wa kweli, mwenye miguu minne, ambaye hatahitaji kuunganishwa. Kagwiria atakuja kwenye sherehe kutoka Timau na ameomba aketishwe karibu naye. Mutuma ataomba, na wapishi wameshaelezwa wachelewe. Nyumba ya Mzee kule Runyenjes bado haijafikiwa na stima, na Mama, mkewe, ametuambia kwamba hilo sasa analihesabu kuwa baraka.

Limebaki jambo moja, na hili tunakuambia wewe mwenyewe, Mzee. Wakurugenzi wameagiza Fahali iachwe ikiwaka siku hiyo ya mwisho, ivuke mwaka kwa kweli, Wachuka akiwa kwenye kiti chako. Saa kumi na moja jioni utavaa koti lako na utaelekea mlangoni, na sote tunajua mkono wako utakwenda wapi. Ukifika hapo, simama ukisome kile kibao ulichokipigilia mwenyewe. Kinamtaka wa mwisho kutoka. Miaka yote umezima kwa sababu hukuwahi kuamini kwamba kuna mtu amebaki. Safari hii yuko mtu ndani.

Asante kwa yote, Mzee wetu, hata kwa friji ya shemeji yangu. Uende kwa amani, ukae vyema na watu wako na mtamba wako, miaka iwe mingi na chai isikose andazi. Toka tu, ufunge mlango polepole, na uache inawaka.